Kupiga Msasa Si Kupanda

Wasichana wanaokuja kujifunza kazi kwangu, Migori mjini, huniuliza swali moja kabla hata hawajakaa vizuri: ninunue nini kwanza? Wanataka nijibu taa. Kila mmoja anaipenda ile taa ya kukaushia jeli kwa sababu inatoa mwanga wa zambarau na inapendeza kwenye picha. Mimi huwaambia waanze na kimto kidogo cha kuwekea mkono, kwa sababu mteja ambaye mkono wake hauna pa kulala atautikisa, na mkono ukitikisika utampaka rangi mpaka kwenye kifundo. Halafu msasa wa kucha, wenye upande mkali na upande mpole. Kichuma cha kusukumia ngozi nyuma. Asetoni ya kutosha, karatasi ya foili ya kufungia vidole wakati wa kutoa rangi ya zamani, brashi ya vumbi, gundi isiyogandia ndani ya chupa. Taa iwe ya mwisho. Wananisikiliza, wanatikisa kichwa, kisha wanaenda kununua taa.

Siku hizi naongeza jambo moja ambalo haliuzwi dukani. Nawaambia: ukienda kufanya kazi nyumbani kwa watu, kabla hujafungua mkoba, uliza nani anaanza. Wanacheka. Hata mimi ningecheka, kabla ya ile Jumapili ya Rodi Kopany.

Mimi ni Mkuria wa upande wa Kehancha. Nimekulia katikati ya tumbaku na ng'ombe, na Kijaluo changu ni cha sokoni: naweza kuteta bei ya omena na kumjibu mtu aliyenikanyaga, basi. Wateja wangu wengi ni Wajaluo na tunaelewana kwa Kiswahili, kwa ishara, na kwa picha za kucha wanazonionyesha kwenye simu, ambazo nusu yake ni za wanawake ambao ni wazi hawajawahi kufua nguo.

Aliyenipeleka Rodi Kopany ni mteja wangu mmoja, dada anayefanya kazi kwenye duka la dawa karibu na kibanda changu. Alikuwa anaolewa. Wakwe walikuwa wanakuja kwao kuleta mahari siku ya Jumapili. Jumamosi haikuwezekana kwa sababu shangazi yake ni Msabato, na shangazi huyo ndiye aliyekuwa akiendesha kila kitu. Bibi harusi alitaka nije asubuhi nimtengeneze kucha yeye na mama yake. Nikamwambia hilo ni jambo dogo.

"Kwetu hakuna jambo dogo," akasema.

Ndipo akanieleza. Baba yake ana wake wawili. Mke mkubwa, ambaye Wajaluo humwita mikayi, alizaa wavulana watupu na wote wako mbali. Mke mdogo ndiye mama yake mzazi. Yeye ndiye msichana pekee wa boma, na ingawa alizaliwa katika nyumba ndogo, alilelewa katika nyumba kubwa. Alilala huko mpaka alipomaliza shule, na mikayi ndiye aliyemfundisha kusuka, kupika na kujibu watu. Lakini hao mama wawili walikuwa hawasemezani. Miaka mingi nyuma, mama yake alikuwa ameezeka nyumba yake kwa mabati wakati nyumba ya mikayi bado ni ya nyasi, na katika boma la Wajaluo mambo hayo yana foleni. Kupanda, kuvuna, kujenga, kuezeka: mikayi kwanza, ndipo wengine. Anayeruka foleni anaita chira, balaa linalokondesha watu na kuua ndama. Tangu siku ya yale mabati, maneno kati ya nyumba hizo mbili yalipitia kwa watoto, na watoto walipokwisha kwenda mjini, yalipitia kwa mbwa. "Mwambie mwenyewe mbuzi wake wako kwenye mihogo yangu," mikayi alikuwa akimwambia mbwa, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya pili.

Sasa mikayi alikuwa ametangaza kwamba Jumapili ya wageni atakuwa na malaria. Alitangaza wiki nzima mapema, ili watu wajipange.

"Wageni wa mahari hupokewa na yeye," dada akaniambia. "Wakikuta mlango wa mama mkubwa umefungwa wataelewa kila kitu. Nitaenda kwa watu nikiwa mtoto wa nyumba nusu." Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa akililia kucha.

Nilifika asubuhi ya Jumapili. Mvua ya jana yake ilikuwa imeondoka na stima, na hakuna aliyejua itarudi lini. Sikujali, taa yangu ina betri yake na nilikuwa nimeichaji. Ingetosha watu wawili na kubaki. Nilipanga meza barazani kwa mke mdogo: kimto, taulo, bakuli la maji ya uvuguvugu, vifaa vyangu mstari mmoja. Mama wa bibi harusi, mwanamke mnene mwenye aibu, alinionyesha kitambaa cha gauni lake na tukachagua rangi ya damu ya mzee. Nilikuwa na chupa moja tu ya rangi hiyo. Halafu bibi harusi akakaa, nikauchukua mkono wake wa kulia, nikashika kidole cha shahada, nikasukuma ngozi nyuma taratibu na kupiga msasa mpaka mng'aro ukaisha juu ya kucha.

Ndipo shangazi akapinda kona ya nyumba akiwa na sufuria ya wali kichwani.

"Wewe! Umeanza na nani?"

"Na bibi harusi, mama."

"Na mikayi amepakwa?"

"Nimesikia ana malaria."

"Malaria iko kwa kucha?" Akatua sufuria chini. "Leo ni siku ya boma. Kitu yoyote ya leo inaanza na nyumba kubwa. Chakula inaanza huko, salamu inaanza huko, na hiyo rangi yako itaanza huko."

Nikamtazama mikono. Kucha zake zilikuwa fupi, safi, hazijawahi kuonja rangi tangu abatizwe. Nikamuuliza, kwa heshima zote, kama Wasabato wanakubali mambo ya kupaka kucha.

"Hatukubali. Ni majivuno matupu," akajibu bila kupepesa. "Lakini hata majivuno yana mkubwa wake."

Nimefanya kazi na wanawake wa kila aina, walevi, wachungaji, mmoja aliyelala usingizi wa pono huku nikimtengeneza, lakini sikuwa nimewahi kusimamishwa kazi nikiwa na kidole cha mtu mkononi. Bibi harusi hakuuondoa mkono. Tulibaki hivyo, mimi nimeshika, yeye ameshikwa, huku baraza likijaa wanawake waliotoka jikoni kuja kukitazama hicho kidole. Swali lilikuwa moja: je, nilikuwa nimeshaanza au bado? Kama nilikuwa nimeanza, basi foleni imerukwa tena, kwenye boma lile lile, na nyumba ile ile. Kama sijaanza, kuna nafasi ya kuokoa mambo. Mmoja alisema msasa haubebi rangi kwa hiyo si kitu. Mwingine akasema hata jembe halibebi mahindi. Mama wa bibi harusi alikaa kando akiukunja na kuukunjua mkono wake.

Wakaenda kumwita mzee mwenyewe. Alikuja na redio yake kwapani, ikitangaza habari, akaketi kwenye kiti changu cha kazi. Aliomba mkono wa binti yake, akalinganisha kile kidole na vile vingine, akakisogeza juani, akakirudisha kivulini.

"Hii haing'ai," akasema.

"Ndiyo, mzee. Nimeondoa mng'aro ili rangi ishike."

"Kwa hivyo umelima."

"Tuseme hivyo, mzee."

"Na rangi ndiyo mbegu?"

Sikujua kama niseme ndiyo au niite gari. Nikasema ndiyo.

"Basi amelima, hajapanda," mzee akaamua. "Kupiga msasa si kupanda. Kulima si kosa."

"Na kama amelima shamba ya mdogo kwanza?" shangazi akauliza.

Mzee akaongeza sauti ya redio, akaondoka nayo.

Shangazi akajifuta mikono, akaenda mwenyewe mpaka mlango wa nyumba kubwa. Tulimwona akibisha, akiongea na ubao, akitega sikio. Njaa ilikuwa inaniuma na hasira ilikuwa inanipanda. Kwetu Kehancha tuna mambo yetu ya ajabu, sikatai, lakini hatujafikia kuweka kucha kwenye mambo ya ukubwa. Shangazi alirudi polepole.

"Anasema mgonjwa hapakwi rangi," akasema, akakaa. "Lakini ameuliza ni kidole gani."

Bibi harusi aliinua kichwa. "Ameuliza?"

"Ameuliza."

Bibi harusi alinigeukia mimi. Alisema tu, "Tafadhali, dada." Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilikuwa tayari kumwambia kwamba nimesomea kucha, sikusomea upatanishi. Lakini nikamwona anavyoutazama ule mlango. Nikakusanya vifaa vyangu vyote, nikavitia mkobani, nikavuka uwanja.

Nyumba ya mikayi nayo ilikuwa na mabati, ya rangi, yaliyopindwa mfano wa vigae. Wanawe walikuwa wamehakikisha kwamba yanaonekana mpaka barabarani. Ndani, mgonjwa alikuwa kitandani, blanketi limevutwa mpaka kidevuni. Upande wa pili wa blanketi vilichomoza viatu viwili vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa. Gauni la bluu lililopigwa pasi lilikuwa limetundikwa ukutani.

"Pole kwa ugonjwa, mama," nikasema.

"Nimeshapoa kidogo. Ni kidole gani?"

"Cha shahada. Mkono wa kulia."

"Umekipaka?"

"Nimekipiga msasa tu."

Akageuza uso ukutani. "Hata fundi wa mabati alisema anapima tu."

Hapo hasira yangu yote ilinitoka. Nilikuwa nimeingia nikidhani naenda kumbembeleza bibi kizee mkaidi, na mbele yangu kulikuwa na mwanamke aliyesimama siku moja mlangoni kwake akitazama fundi akipanda juu ya nyumba ya mwenzake, akiambiwa ni kipimo, asubuhi yake akaamka akaliona paa. Nilimwonea huruma sana. Nikafanya ninachojua: nikakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kupanga vifaa vyangu juu ya blanketi, kwenye magoti yake.

Nikamweleza kwamba hatuna haja ya kumchosha. Kidole kimoja kingetosha, hata cha mguu, rangi isiyoonekana, ndani ya kiatu. Angekuwa ameanza, boma lingekuwa salama, na angerudi kwenye malaria yake.

Alitupa blanketi. Kimto kikaruka mpaka chini ya meza.

"Kidole cha mguu? Mimi ni mama ya hii boma! Kama naanza, naanza na mikono mbili."

Alitaka kwanza kujua kila kifaa na kazi yake. Kichuma cha ngozi alikikubali mara moja, akasema ni jembe dogo. Msasa aliujaribu kwenye mbao za kitanda, akaridhika. Mashine ya kusugulia, ile inayozunguka, alinitaka niizime na niirudishe mkobani, kwa sababu alishawahi kung'olewa jino. Taa akaiinua, akachungulia ndani, akauliza nani anaishi humo. Mikono yake ilikuwa mizito, yenye kucha nene zilizochorwa mistari, na ya kidole gumba cha kushoto ilikuwa na ufa wa zamani uliopasuliwa na jembe. Nilipoanza kusukuma ngozi nyuma, nikagundua jambo ambalo bila shaka hakuna mtu aliyelijua katika boma lile: mikayi anatekenyeka kwenye vidole. Alicheka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Nje nikasikia shangazi akisema malaria imepanda kichwani.

Nilimpaka rangi ya waridi iliyofifia, ya heshima, mkono wa kushoto wote, nikauingiza kwenye taa. Kucha nene inashika jeli nyingi, na jeli ikikauka haraka inachoma.

"Inauma! Inauma!" Akaung'oa mkono, akaupuliza, akautazama. Kisha akatulia. "Haidhuru. Hiyo ni malaria inatoka."

Tukarudia, safari hii taratibu. Mkono ulipokwisha aliusogeza mbali, kisha akaniamuru nisimame mlangoni nimwambie kama ninaziona.

"Siwezi kudanganya, mama. Kutoka hapa hazionekani."

"Kwa hivyo mgeni pia hataona." Akafikiri. "Yule amechagua rangi gani?"

Nilijua yule ni nani. Nikamwambia ni damu ya mzee.

"Weka hiyo."

"Mama, nina chupa moja tu."

"Nilikuuliza ni ngapi?" Halafu akaliona lile kasha langu la kucha za kubandika, akalifungua, akachagua zilizo ndefu kuliko zote, zile ambazo wateja wangu wa Migori huzitazama tu na kuzirudisha. "Na hizi."

Ilibidi niitoe rangi yote. Pamba, asetoni, foili kwenye kila kidole. Alikaa kitandani na vidole vitano vya fedha, akiniagiza nimweleze nani amekuja, nani amevaa nini, wali umeiva au umeungua. Nilibandika, nikakata umbo, nikapiga msasa, nikapaka. Kila tabaka linataka taa, na yeye alitaka tabaka tatu ili rangi iwe nzito. Mkono wa kushoto ulipokamilika ulikuwa kitu cha kutisha na cha kupendeza. Kilichonitisha zaidi ni kile kitaa kidogo cha betri, ambacho kilikuwa kimeanza kupepesa.

Nikamwambia naenda kutafuta maji, nikatoka. Jua lingeweza kunisaidia kukausha, polepole, lakini mawingu yalikuwa yamefunika boma lote. Bibi harusi alikuwa bado barazani kwa mama yake, ameketi pale pale nilipomwacha, mikono juu ya meza tupu.

"Taa imebaki na nguvu ya mkono mmoja," nikamwambia. "Ni wake wa kulia, au ni mmoja wako. Wewe ndiye unayeolewa. Sema."

"Anaongea?"

"Hanyamazi."

Alikitazama kile kidole chake kimoja kilichofifia. Alianza kucheka, kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Malizia, dada," akasema. "Malizia upesi."

Nikamalizia. Nilikuwa nikipaka kidole gumba cha mwisho niliposikia honi barabarani na vigelegele vya wanawake vikiwakimbilia wageni langoni. Nikakiingiza kidole kwenye taa, nikahesabu kimoyomoyo, nikakitoa kikiwa kimekauka. Taa ikazimika.

"Haya, mama, nimemaliza. Sasa hii kutoka au kutotoka ni juu yako."

Alikuwa akigonga kucha zake juu ya kifuniko cha sanduku, moja baada ya nyingine, akisikiliza. Nikamwacha, nikarudi kwenye baraza la nyumba ndogo kusubiri mtu anikumbuke kwa chai.

Wageni walikuwa wameingia uwanjani na kusimama, wakijifanya wanaangalia ng'ombe wao wenyewe. Hakuna aliyewakaribisha kwenye viti. Mzee alikuwa ameizima redio. Shangazi aliutazama mlango wa nyumba kubwa, akautazama tena, akaanza kuwaeleza wageni habari za mvua. Bibi harusi alikuwa nyuma ya pazia kwa mama yake, maana hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe, na niliziona ncha za vidole vyake zimeshika pindo la pazia. Mama yake alikuwa ametoka jikoni na sinia ya glasi. Alisimama nayo katikati ya uwanja, hajui pa kuipeleka.

Ndipo sauti ikatoka nyumba kubwa.

"Nyieka!"

Neno hilo nalijua, kwa sababu nimelisikia likitumika kwa matusi na kwa utani huko sokoni. Ndivyo mke anavyomwita mke mwenzake. Yule mbwa aliamka kivulini na kuelekea mlangoni, kwa mazoea.

"Si wewe," mikayi akasema. "Nyieka! Kuja!"

Mama wa bibi harusi alirudi barazani, akaniwekea mimi ile sinia mikononi bila kunitazama, akaenda. Alisimama kizingitini kwanza. Sidhani kama alikuwa amewahi kukivuka tangu mabati. Kisha akaingia, akauacha mlango wazi, na mimi niliyekuwa upande wa pili wa uwanja na glasi za watu niliona kila kitu. Mikayi alikuwa amesimama katikati ya chumba, amelivaa lile gauni la bluu, mgongo wazi. Kuanzia kiunoni mpaka shingoni lilikuwa na vifungo vidogo vidogo, na alikuwa amerusha mikono nyuma akivitafuta na zile kucha ndefu, na vifungo vilikuwa vinateleza kila akivigusa.

"Umevishindwa?"

"Si unaona hizi vitu?"

Akamwonyesha mikono yote miwili. Mke mdogo aliitazama kwa muda.

"Hiyo ni rangi yangu," akasema.

"Ni yako."

Nilisubiri kelele. Wageni nao, naamini, walisubiri.

"Geuka," mke mdogo akasema.

Akaanza kumfunga kutoka chini kwenda juu. Alirudia vifungo viwili au vitatu kwa sababu alikuwa amevipachika tundu lisilo lake. Alipofika shingoni alimwekea kola sawa, akaipapasa, mkono ukakaa hapo begani.

"Na chakula utakulaje na hizo?"

"Utanilisha," mikayi akasema, akatoka kupokea wageni.

Wakwe walisimulia baadaye kwamba hawajaona boma lenye upendo namna ile. Mikayi aliwapa mkono mmoja mmoja, na mama wa bwana harusi alipiga ukemi alipoziona zile kucha. Wakati wa kula, mke mkubwa alikaa kwenye kiti chake ameiweka mikono magotini, na mke mdogo aliketi kando yake, anamega ugali, anachambua samaki, anatoa mifupa, anamtia kinywani. Mikayi alitafuna na kulalamika kwamba chumvi ni kidogo. Mwenzake alimwambia afunge mdomo au aufungue, achague moja. Bibi harusi alipoitwa alipita mbele ya watu na kucha tisa zinazong'aa na moja isiyong'aa, akapiga magoti mbele ya wote wawili, na alikuwa akilia kiasi kwamba hakuna aliyemtazama mikono. Shangazi alinipitia na sahani ya kuku, akaniambia Mungu ni wa utaratibu.

Kucha za aina ile hukaa wiki tatu hivi, ukiwa na bahati. Zikianza kuinuka pembeni lazima fundi azitoe, mtu asizing'oe kwa meno. Nilikuwa nimemwambia mikayi hivyo, kwa hiyo sikushangaa simu ilipolia kibandani kwangu. Kilichonishangaza ni sauti. Alikuwa mke mdogo.

"Dada ya kucha, tunakutaka huku."

"Zimeng'oka, mama?"

"Mbili zimetoka. Zingine zinacheza."

"Basi nitakuja nimtolee zote vizuri, apumzishe vidole."

"Ooyo! Usitoe." Nilisikia kuku, na mtu akifagia. Aliposema tena alikuwa ameshusha sauti. "Jana amejifunga vifungo mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama tu hapo kwa mlango. Kuja kesho, na ulete ndefu kuliko zile."